RPM 5,000, Mwendo wa Baiskeli

Gari lenyewe ni Triumph Spitfire Mk2 ya mwaka 1965, milango miwili, paa la turubai lililobaki jina. Marehemu mjomba wangu alilinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge hapa Tanga, aliyefunga virago baada ya Azimio la Arusha. Akaniachia mimi, pamoja na deni la dukani. Deni nimelimaliza. Gari ndilo linanimaliza mimi.

Saa za gari hili hazipo mbele ya dereva. Zimekaa katikati ya dashibodi, ili kiwandani wasihangaike sana wakihamisha usukani kulia au kushoto. Kwa hiyo abiria naye anasoma kila kitu. Shika hapo, nitaparudia.

Saa ya RPM, yaani ya kuhesabu mizunguko ya injini kwa dakika, ilikuwa ya kebo. Haina umeme hata chembe. Kebo inatoka kwenye disitributa, inazunguka ndani ya ganda lake mpaka nyuma ya saa, huko inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Kikombe kinataka kuifuata sumaku, springi nyembamba kama unywele inakizuia, na katika vuta nikuvute hiyo mshale unapanda. Kitu cha akili sana. Ila yangu ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Nikaitia oili. Oili ikapanda na kebo mpaka kwenye kioo, mshale ukawa unaogelea, na paka hakunyamaza.

Basi mpwa wangu akaposa. Akasema, "Mjomba, siku ya nikahi nataka kwenda na Spitfire." Nikaona haya kumpeleka bwana harusi kwa mlio wa paka. Nikaamua: naweka saa ya umeme. Zimebaki siku tatu.

Nikapata saa moja ya mtumba, nzuri, ya mviringo. Muuzaji akaniapia kwamba imetoka kwenye gari dogo la Kijapani. Namba zake zilifika 12, yaani RPM 12,000. Spitfire ikifika 7,000 itazaa. Nikajisemea, ziada haimwagwi.

Ya kwanza niliiua ndani ya sekunde nne. Nilifunga waya mweusi, ule wa hasi, kwenye bodi kama tunavyofunga magari yote, nikawasha swichi, ukatoka moshi mwembamba wa buluu, na ile harufu ambayo kila fundi umeme anaijua na hakuna anayekiri kwamba ameisababisha. Nilisahau jambo ambalo mjomba alikuwa akiniimbia tangu utoto: Waingereza wa wakati ule, bodi ndiyo chanya. Hasi ndiyo inayotembea kwenye waya. Saa yangu niliilisha umeme kinyumenyume.

Nikarudi kwa muuzaji, alikuwa nayo pacha wake. Hiyo nikaivisha kipande cha tyubu ya baiskeli isiguse chuma cha dashibodi, nikakata pete ya plaiwudi kuziba tundu, waya mmoja nikaupeleka kwenye koili upande wa platini. Nikapiga stata. Mshale ukainuka taratibu, haulii, hautetemeki. Nilikaa nikiutazama mpaka adhana ya magharibi. Saa zote mbili zilinigharimu 80,000. Nyumbani nilitaja 40,000.

Sasa, gari likiwa limesimama injini yake inatakiwa izunguke kwenye 800 hivi. Saa mpya ikasema 1,600. Sikio langu, lililozoea mngurumo ule miaka ishirini, likaniambia gari halina tatizo. Nikaiamini saa. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu za kabureta zote mbili mpaka mshale ukagusa 800. Injini ikawa inapiga moja moja, dug… dug… dug, kama mzee anayeshuka ngazi gizani. Nikasema, huo ndio utulivu wa Kiingereza.

Ijumaa baada ya swala tukaondoka Makorora kwenda Chumbageni. Mbele zafa na dufu, nyuma bajaji nne za akina shangazi. Bwana harusi kando yangu, kanzu, joho, kilemba, na macho yote kwenye ile saa.

"Mjomba, 4,000!"

"Naona."

"Mjomba, 5,000! Haitapasuka?"

Nami naona hivyo hivyo, najua injini ya mwaka 1965 haitaki fujo, nikapandisha gia haraka. Gia ya nne tuko mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Gari likaanza kutikisika, kilemba kikamshukia puani. Mzee mmoja mwenye baiskeli, nyuma kafunga gunia la mkaa, akatupita. Akageuka, akatupa salamu.

Kwenye makutano ya kwanza, nikaachia mafuta, injini ikazima. Nikapiga stata, ikawaka. Ya pili, ikazima. Ya tatu ikazima. Taa nyekundu ya chaji haikuwahi kufumba, maana dainamo ya gari hili haichaji mpaka injini izunguke kwa nguvu kidogo, na mimi nilikuwa nimeinyima hiyo nguvu kwa bisibisi yangu mwenyewe. Makutano ya tano nikapiga stata, ikajibu "tk". Basi.

Bwana harusi akavua joho, akanipa nimshikie. Watu wa dufu wakasukuma upande wa kushoto, yeye kulia, kanzu ameipandisha magotini. Dufu haikunyamaza: mmoja aliendelea kupiga, wengine wakasukuma kwa mdundo wake. Shangazi akatoa kichwa kwenye bajaji: "Huyu anaoa au anahama?"

Kijana wa bodaboda akasimama kutazama. Hakutazama injini, alitazama dashibodi.

"Mzee wangu, mbona umefunga saa ya pikipiki?"

"Ya gari dogo la Kijapani."

"Ya pikipiki hiyo, mzee. Pikipiki yangu inapiga cheche moja kila mzunguko, saa inahesabu moja. Hili lako pistoni ngapi?"

"Nne."

"Basi linapiga mbili kila mzunguko. Saa inakuhesabia mara mbili."

Kimya. Kumbe ile 1,600 ilikuwa 800 halali. Kumbe 800 niliyoitafuta kwa bisibisi ilikuwa 400. Kumbe 5,000 ya mpwa wangu ilikuwa 2,500, mwendo wa kawaida kabisa wa Spitfire. Nikaomba bisibisi kwa kijana, nikarudisha skrubu kwa sikio, wakasukuma mara ya mwisho, gari likawaka, tukafika. Shehe alikuwa ameshakunywa kahawa ya tatu. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa na viganja viwili vya grisi mahali ambapo watu wa picha hawakuweza kupakwepa.

Usiku nikamsimulia mke wangu yote, na katika kusimulia bei halisi ikaniponyoka. Akanyamaza kidogo.

"Baba Aisha, saa yako inazidisha mara mbili. Wewe unagawa kwa mbili. Kuanzia leo bei niletewe na saa."