Sababu Sita za Vita vya Majimaji

Mpwa wangu wa kidato cha pili alinionyesha karatasi yake ya mtihani wa Historia ya Tanzania na Maadili. Alikuwa ametakiwa kueleza sababu sita za Vita vya Majimaji, vile ambavyo wenyeji wa kusini walipigana na utawala wa Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Tano alizopatia ni zile ambazo sisi sote tulizikariri: kodi, kazi za shuruti, kilimo cha lazima cha pamba, ukatili wa maakida (watumishi wa serikali ya Wajerumani waliosimamia vijiji) na kudharauliwa kwa mila. Katika ya sita alikuwa ameandika kwamba nguruwe pori walikuwa wakimaliza vyakula mashambani, kwa sababu wanaume walipelekwa kulima pamba na serikali ya Wajerumani ilikuwa imebana uwindaji. Habari hiyo aliipata kwa bibi yake mzaa baba, mzaliwa wa Maneromango huko Uzaramo, ambaye naye alisimuliwa na wakubwa zake. Mwalimu alilikata jibu hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Haimo kwenye kitini."

Nimeshindwa kulinyamazia jambo hili. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichapisha utafiti kuhusu Majimaji katika nchi ya Uzaramo, na humo alieleza kwa kirefu njaa, nguruwe pori, vikwazo vya uwindaji na mzigo ulioachwa mabegani mwa wanawake waliobaki kulinda mashamba. Kwa hiyo bibi wa Maneromango na msomi aliyechambua nyaraka wamekutana mahali pamoja, na mtoto aliyewasogeza karibu amenyimwa alama. Hata hivyo, alama si kitu. Linaloniuma ni kwamba mtoto huyu amefundishwa kuamini kuwa historia ya vita hivi ilikwisha kuandikwa na kufungwa, ilhali imeandikwa upya mara kadhaa tangu mwaka 1905, na kila mara walioiandika walikuwa na haja yao.

Wa kwanza kuiandika alikuwa Gavana von Götzen mwenyewe, mtu aliyeamuru vita hivyo vizimwe. Kwa maelezo yake, chanzo kilikuwa waganga na ushirikina wa dawa ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Maelezo hayo yalimfaa sana, kwani kama kosa ni la waganga, basi si la mpango wa mashamba ya pamba ulioanzishwa mwaka 1902 chini ya utawala wake. Rechenberg, aliyeshika ugavana baada yake, aliona sababu za kiuchumi, naye pia alikuwa na sera mpya za kutetea. Faili za Wajerumani wa wakati ule ziko Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao ni wachache mno nchini wanaoweza kuusoma.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza kwamba wazee wetu walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba mtu mweupe ana haki ya kuwatawala, wala hawakusukumwa na hofu ya kiapo cha kishirikina. Katika miaka ya 1960 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ililifanyia kazi wazo hilo. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikusanya ushahidi na kuuchapisha mwaka 1968, na katika mwaka huo na uliofuata wanafunzi wa chuo walitumwa vijijini, kuanzia Umatumbi, pande za Kilwa, hadi Ungoni, pande za Songea, wakaketi na wazee walioviona vita kwa macho yao.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana hii ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote zilizofanywa na wanahistoria wetu. Mzee mmoja wa Umatumbi alieleza jinsi kila kijiji kilivyopangiwa siku zake za kulima pamba. Kila kaya ilitoa mtu mmoja, ambaye huenda angeambiwa afanye kazi siku tano au kumi, na zikifika nusu ndugu yake alitakiwa kuja kumpokea. Kama ndugu huyo hakumwonea huruma, yule wa kwanza alibaki huko huko mpaka amalize siku zote. Maneno "kazi za shuruti" katika kitini hayawezi kukuambia kwamba ukoloni uliingia mpaka katikati ya ndugu wa nyumba moja na kupima huruma yao. Gavana asingeyajua hayo, na kama angeyajua asingeyaandika. Yalipatikana kwa sababu kijana alikwenda, akauliza, akasikiliza, akaandika jina la msimulizi, kijiji chake na tarehe. Leo hakuna hata mmoja wa wazee wale aliye hai. Wangengojwa miaka ishirini zaidi, tungebaki na Götzen peke yake.

Lakini kizazi hicho nacho kilikuwa na haja yake. Taifa lilikuwa changa na lilihitaji babu. Majimaji ikawa mzizi wa umoja wa taifa na mtangulizi wa TANU, na yasiyolingana na picha hiyo yakasogezwa kando. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Ulanga, alikufa akipigana upande wa Wajerumani. Wahehe, waliokuwa wamemfuata Mkwawa katika vita vikali dhidi ya Wajerumani miaka michache tu kabla, safari hii hawakujiunga na waasi. Watafiti wa karibuni wamelifungua upya suala hili na kuonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na vita vyake, na mara nyingi na ugomvi wake wa zamani. Wapo wanaoona kwamba kusema hivyo ni kuwavunjia heshima mashujaa. Mimi sioni hivyo. Waliong'oa pamba ya akida kule Nandete, Umatumbi, mwezi Julai 1905 walijua walichokifanya, na ushujaa wao hauhitaji tufiche kwamba wengine walichagua njia nyingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu yule ana darasa lililofurika na mtihani wa taifa unaomsubiri, na kwamba orodha ya sababu sita husahihishwa upesi. Pia sidai kwamba kila simulizi la bibi ni kweli. Masimulizi nayo hubadilika kila yanapopokewa, na yanapaswa kupimwa kwa nyaraka kama nyaraka zinavyopaswa kupimwa kwa masimulizi. Ila kupima ni kazi, na mwalimu yule hakupima chochote.

Wakati huo huo, utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita hivi, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933, tumewaachia watu wa fasihi, kana kwamba shahidi akisema kwa vina ushahidi wake hautoshi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake. Kijana wa Songea aliyesimama pale alistahili kujua kwamba idadi ya waliokufa, ambayo Wajerumani waliiweka kwenye 75,000, Gwassa aliikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000, na kwamba wengi wao waliuawa na njaa baada ya vyakula na mashamba kuchomwa kwa makusudi. Alistahili pia kujua kwa nini hesabu hizo zinapishana kiasi hicho.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga mitihani ni hili: wapeni watoto aya moja ya Götzen, aya moja ya mzee wa Umatumbi na beti chache za utenzi wa Lindi, kisha waulizeni kila mmoja alisema nini, lini, na alikuwa akimwambia nani. Na makaratasi ya wale wanafunzi wa mwaka 1968 na 1969, ambayo hadi leo husomwa zaidi na watafiti, yachapwe kwa Kiswahili na kupelekwa kwanza katika shule za Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea, ambako wajukuu wa wasimulizi wanasoma.