Mama Aliuliza Rubani Ni wa Nani

Ndege ilikuwa ndogo na mama hakuipenda. Nilikuwa nimekwenda kumpokea Chicago kwa sababu Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, na kutoka hapo ilibaki safari fupi hadi Des Moines, Iowa, ninakoishi. Tiketi nilikata kwa shirika kubwa. Jina lake liko ubavuni mwa ndege, herufi zina kimo cha mtu.

Mlangoni kijana mmoja anagawa vikaratasi vya kufunga kwenye mabegi, maana kwenye ndege hizi begi la magurudumu haliingii rafu za juu, linashushwa chini pamoja na mizigo. Mama akalikumbatia lake. Ndani mlikuwa na kilo tatu za halwa na mabuyu ya wajukuu. "Hili haliendi huko," akasema, na kweli halikwenda. Alisafiri begi likiwa miguuni na magoti karibu yafike kidevuni.

Tukiwa bado kwenye foleni aliniuliza yale maandishi madogo kando ya mlango yanasema nini. Nikamfasiria: yanasema ndege hii inaendeshwa na kampuni fulani, siyo hii iliyotuuzia tiketi.

"Yaani tiketi tumekata kwa Juma, basi ni la Hamisi."

"Ndiyo, mama."

"Na dereva?"

"Wa Hamisi."

"Kumbe ni kama pale Mwembe Tayari tu," akasema, yaani stendi ya mabasi ya kwetu Mombasa, akapanda.

Hapo ndipo aliponichokoza. Nilitaka kumwambia hapana mama, si kama Mwembe Tayari, huku ni tofauti, nikajikuta sina la kusema mpaka tumetua. Jibu nimelipata baadaye, na ndilo hili.

Kazi yangu ni kupakia mizigo uwanjani, kwa hivyo habari za marubani zinanifikia nitake nisitake. Mambo yako hivi. Delta, American na United hukodi mashirika madogo kama SkyWest na Republic yarushe ndege ndogo kwa jina na rangi za mkubwa. Mengine, kama Endeavor ya Delta na Envoy ya American, ni mali ya mkubwa mwenyewe kabisa, ila rubani wake ana mkataba wake kando na mshahara wake kando. Abiria haoni tofauti. Rubani anaiona kila siku ya mshahara.

Sasa mtu wa kwetu atauliza: kama mdogo analipwa kidogo, kwa nini mkubwa asimpe ndege zote? Kwa sababu kuna karatasi. Katika mkataba wa marubani wa shirika kubwa kuna kifungu wanachokiita skopu, kinachosema kazi ipi inaweza kutoka nje na ipi haitoki. Ndege ya kupewa mtu wa nje isizidi viti 76, na uzito wake wa kuruka usizidi kilo 39,000 hivi. Cha 77 kikiongezwa, marubani wa mkubwa wanasema ndege ni yetu. Embraer wa Brazil walitengeneza E175-E2, yenye injini mpya inayokula mafuta kidogo. Ikazidi uzito wa kwenye karatasi. Mashirika madogo ya Marekani, ambayo ndiyo yangekuwa wateja wakubwa, hayawezi kuirushia wakubwa wao, na mwaka 2022 Embraer wakauahirisha mradi. Hebu fikirieni hilo kidogo. Wafanyakazi waliketi mezani wakaandika namba, na namba ile ikakwamisha ndege kiwandani katika nchi nyingine.

Haya, mmeshaanza. "Huyu juzi tu alikuwa anakimbizana na matatu Buxton, leo anatufundisha mikataba." Ngojeni. Kabla hamjanirushia mawe, nina langu la kukiri.

Tarehe 31 Oktoba 2022 chama cha marubani wa Delta kilitangaza kwamba asilimia 99 ya waliopiga kura wamekubali kugoma ikibidi. Tarehe 5 Novemba, siku tano tu baadaye, marubani wa Kenya Airways waligoma. Wiki ile ile. Hapa uwanjani wenzangu walikuwa bado wanawapigia makofi marubani wa Delta, nami nikapiga. Nikarudi nyumbani, nikafungua kundi la familia la WhatsApp, nikakuta binamu yangu amekwama JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na watoto wawili na tiketi ya harusi. Nikaandika, kwa herufi kubwa, WAFUTWE WOTE. Moyo na vidole ni vilevile, tofauti ni saa nane tu.

Yale ya KQ, yaani Kenya Airways, mnayajua kuliko mimi. Marubani 400 hivi, michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa korona, malimbikizo ya mishahara, abiria zaidi ya 10,000 wakilala kwenye viti, kampuni ikisema inapoteza shilingi milioni 300 kwa siku, kisha korti: rudini kazini bila masharti. Wakarudi. Na sisi tukashangilia kana kwamba Harambee Stars wameshinda ugenini.

Delta hawakugoma hata dakika moja. Si kwamba ni wapole. Huku marubani wanabanwa na sheria ya reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ikawaingiza watu wa ndege. Kwa sheria hiyo mkataba haufi, unafika siku ya kufunguliwa ujadiliwe upya, na wa zamani unaendelea kufanya kazi mpaka mpya upatikane. Hakuna kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ya serikali ikuachie, na ikikuachia unasubiri siku 30 nyingine. Mkataba wa Delta ulifika siku yake mwishoni mwa 2019, korona ikaingilia, mpya ukapatikana Machi 2023: nyongeza ya asilimia 34 ndani ya miaka minne. Zaidi ya miaka mitatu ya vikao! Mkenya gani angevumilia? Sisi tukikasirika Jumatatu, Jumamosi tuko barabarani, na siwafichi kwamba hilo linanipa fahari. Mmarekani wa kawaida hana ubavu huo. Lakini mwenzetu akisharudi kwenye meza, anaikuta ile karatasi palepale alipoiacha.

Kuna mjuzi mmoja namsikia tayari. "Unalinganisha Delta yenye faida na KQ iliyokuwa inabebwa na kodi zetu." Hoja nzuri, ila Delta nayo ililazwa. Mwaka 2004 marubani wake walikubali kukatwa asilimia 32.5 ya mshahara ili kampuni isife, na mwaka uliofuata ikafilisika vilevile, Septemba 14, siku moja na Northwest. Wakakatwa tena, na pensheni yao ya zamani ikafutwa. Walitoa jasho hilo kwa maandishi. Kampuni ilipopona, walikuja na maandishi hayo mkononi wakadai chao. Kwetu ukikatwa unaambiwa tuvumiliane, na uvumilivu hauna tarehe ya kurudishwa.

Basi, sijasema Marekani ni peponi. Mimi ndiye ninayebeba mabegi yao saa kumi alfajiri, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, sihitaji kuambiwa. Na hiyo namba 76 ina aibu yake, kwani zamani katika mikataba mingi mpaka ulikuwa viti 50. Baada ya 2001, mashirika yalipoanza kuanguka, marubani wakubwa waliubadilisha mpaka kwa kunusuru mishahara yao: ukasogea 70, ukasogea 76. Kila uliposogea, kazi iliyokuwa ya mwenye mkataba mnono ikaenda kwa kijana wa shirika dogo, ndege ileile karibu, anga ileile, mshahara nusu au chini yake. Wazee walijenga ukuta kisha wakauza matofali.

Vijana nao wakichachamaa, kuna dawa yao. Mwaka 2001 marubani wa Comair, shirika dogo la Delta lililokuwa na makao karibu na Cincinnati, waligoma siku 89. Walipata mkataba bora kuliko wa wenzao wote wa daraja lao. Halafu polepole safari zikagawiwa wengine waliokuwa rahisi zaidi, na mwaka 2012 Comair ikafungwa. Akina mama wa kwetu wanajua jina la mchezo huo, ni kuchonganisha. Ukigoma wewe, anapewa jirani. Jirani akidai, anarudishiwa ndugu yako.

Na tusisahau ajali ya ndege karibu na Buffalo, New York, Februari 12, 2009. Tiketi ziliandikwa Continental, ndege ilikuwa ya Colgan. Watu 49 ndani na mmoja chini ardhini walikufa. Wachunguzi walisema rubani mkuu aliitikia vibaya onyo la kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea, na walisema pia kwamba uchovu ulikuwepo: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini upande wa pili wa nchi. Baada ya hapo ndipo bunge lao likaamka, na tangu 2013 rubani wa ndege za abiria anatakiwa awe na saa 1,500 angani, isipokuwa wachache waliopunguziwa kwa mafunzo yao. Na yale maandishi madogo kando ya mlango, abiria hawa wanapita kila siku bila kuyatazama. Mama yangu, wa darasa la saba, aliyaona kabla hajakaa.

Tena ana sababu ya kuyaona. Alifanya usafi katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka kumi na minne. Mwezi mmoja akapokea mshahara, akakuta jina la juu ya karatasi si la hoteli. Wakala. Chumba kilekile, ndoo ileile, sare ileile yenye nembo ya hoteli kifuani, na miaka kumi na minne imeanza kuhesabiwa tangu moja. Hakuna aliyemwita ofisini. Alipouliza aliambiwa, mama, kwani umenyimwa kazi?

Hilo ndilo jibu nililolikosa kwenye foleni. Juma na Hamisi wapo kote. Huku, katika kazi chache, kuna mtu anayehesabu viti na kusema hapa ndipo pa kusimama. Kwetu hata rubani mwenye elimu yote ile akijaribu kuhesabu, wa kwanza kumrukia ni mimi, mwana wa msafisha vyumba aliyepotezewa miaka kumi na minne.

Jumapili iliyopita mama alikuwa anapiga pasi shati langu la kazi jikoni, halwa imebaki robo. Karatasi yangu ya mshahara ilikuwa juu ya meza, karibu na chumvi. Akaitazama, akatazama nembo ya shirika la ndege kwenye shati, akarudi kwenye karatasi. Kiingereza cha pale hawezi kukisoma vizuri, lakini anajua maumbo mawili yasipofanana.

"Na wewe ni wa Hamisi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mna chama?"

"Hatuna."

Akageuza shati, akaanza mkono wa pili.