Lifti ya mashua ya Anderton na mafundi wetu wa Kigoma

Kila ndugu anayenitembelea huku Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mimi humpeleka kwanza Anderton, karibu na mji wa Northwich, ambako tangu mwaka 1875 imesimama lifti ya kuhamisha mashua kati ya mto Weaver na mfereji wa Trent and Mersey, ulio juu zaidi ya mto huo kwa takriban mita 15. Mimi mwenyewe nilivutwa huko na chumvi. Nimezaliwa Uvinza, mkoani Kigoma, mahali ambapo watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi karne nyingi kabla ya reli kufika, na Cheshire nayo ni nchi ya chumvi itokayo ardhini.

Kabla ya lifti, chumvi iliporomoshwa kwa michirizi kutoka mashua za mferejini hadi vyombo vya mtoni, na mizigo iliyotakiwa kupanda, ukiwemo udongo mweupe wa viwanda vya kauri vya Staffordshire, ilipakuliwa na kupakiwa upya. Edward Leader Williams, mhandisi wa mto Weaver, alitaka mashua ivuke na shehena yake yote bila mfereji kupoteza maji mengi, jambo ambalo ngazi ya milango ya maji, yaani vyumba vya maji vinavyopandisha mashua hatua kwa hatua, isingeweza kulitimiza. Usanifu wake akaukamilisha Edwin Clark.

Alichobuni Clark kinanistaajabisha hadi leo. Mabeseni mawili ya chuma, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita 23 na likijaa maji uzito wake ukifika tani 250, yaliegemea kila moja juu ya pistoni moja nene iliyozama ndani ya silinda, na silinda hizo mbili ziliunganishwa kwa bomba. Kwa kuwa mashua inayoelea husukuma nje maji yenye uzito sawa na wake, beseni lenye mashua na lisilo na mashua yalikuwa na uzito uleule. Ilitosha basi kupunguza sentimita 15 za maji katika beseni la chini, na lile la juu likashuka kwa uzito wake, likisukuma maji ya silinda yake hadi ya mwenzake na kulipandisha. Hatua ya mwisho tu ndiyo iliyohitaji nguvu ya mvuke, kwa sababu beseni linaloshuka lilipogusa maji ya mto lilianza kuelea na mizani ikapotea.

Mwaka 1882 silinda moja ilipasuka na beseni likashuka ghafla, ingawa hakuna aliyeumia. Maji ya mfereji, yaliyochafuliwa na chumvi na kemikali, yaliendelea kutafuna chuma, hata mwaka 1908 mfumo mzima ukabadilishwa kuwa wa umeme, wenye magurudumu na vizito vya kusawazisha kila beseni peke yake. Mwaka 1983 kutu ikaifunga lifti. Ilikaa hivyo karibu miaka 20, mpaka ilipokarabatiwa kwa takriban pauni milioni 7 na kufunguliwa tena mwaka 2002, safari hii ikirudia pistoni, zikisukumwa na mafuta ndani ya silinda badala ya maji. Nayasisitiza haya kwa sababu wenzangu wengi wa ughaibuni husema kwamba Wazungu hutunza na sisi huachia vitu vife. Anderton iliachwa ikaoza, kisha wapenzi wa mifereji wakaipigania.

Nyumbani tuna mv Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, mto uleule unaopita kwetu Uvinza. Mafundi wa Kijerumani walioizamisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipaka mitambo grisi nyingi, na ilipoibuliwa mwaka 1924 iliweza kufufuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa maoni yangu, kuiweka meli hiyo majini kwa miongo mingi, mbali na viwanda vya vipuri, ni ufundi usiopungua hata chembe ule wa Clark.

Tofauti ninayoiona iko kwenye mlango. Anderton mtoto husimama mbele ya mtambo, akaelezwa kilichopasuka, lini na kwa nini. Nilipokuwa darasa la tano, mimi na wenzangu tulikwenda kuchungulia karakana moja ya meli, na mlinzi akatutimua kama wezi. Sikumwona fundi hata mmoja akifanya kazi mpaka nilipokuwa mtu mzima. Hilo linaniuma, kwani karakana ikifunguliwa kwa wanafunzi siku moja kwa muhula, gharama yake ni ndogo mno.

Desemba nikijaliwa kurudi, nitakaa na baba mdogo, aliyestaafu ufundi wa meli, nikiwa na daftari na kinasa sauti. Swali la kwanza nimeshaliandika: bamba la chini ya meli lilipoliwa na kutu, mlilitoaje, na nani aliwafundisha?