Lile puto bado halijatua

Mimi ni mtu wa Morogoro, nimekulia kwenye kelele za Simba na Yanga, na Agosti 2017 nilikwenda Lincoln, Nebraska, kusomea mahindi. Naanza na hayo mahindi ili ieleweke kwamba sikutumwa na mtu kwenda kuharibu timu ya watu.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Baba mwenye nyumba alikuwa mstaafu, mpole, mrefu mwembamba kama mti wa muhogo, na sikuwahi kumsikia akimsema binadamu vibaya isipokuwa makocha. Mle ndani miaka haikuhesabiwa kwa kalenda bali kwa makocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska. Kwetu bibi atakwambia ulizaliwa mwaka wa vita vya Kagera au mwaka wa El Niño; huyu mzee alioa mwaka wa pili wa Osborne, maana yake 1974, na paa la nyumba yake lilienda na upepo mwaka wa kwanza wa Callahan. Nilimuuliza kilichomuuma zaidi ni upepo au Callahan. Alifikiri kidogo, akasema paa alilipwa na bima.

Timu yenyewe ni ya chuo kikuu na wachezaji ni wanafunzi, lakini usije ukadhani ni bonanza la Ijumaa. Jimbo zima halina timu kubwa ya kulipwa ya ule mpira wao wa Kimarekani wa kofia ngumu, kwa hiyo mkulima, daktari na padri wote wameangukia hapo hapo. Tiketi za uwanja wao zimekuwa zikiisha kila mechi tangu Novemba 1962. Unaingiza watu zaidi ya 85,000, na wenyewe hutania kwamba siku ya mechi uwanja ndio mji wa tatu kwa ukubwa Nebraska, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe.

Wanajiita Cornhuskers, yaani Wamenya Mahindi. Nilipoelezwa maana nilicheka mpaka nikapaliwa. Shangazi yangu kule Dakawa kamenya mahindi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpigia tarumbeta. Kumbe kabla ya 1900 waliwahi kuitwa Bugeaters, Wala Wadudu. Nikampelekea habari hiyo rafiki yangu Mhaya, akajibu: "Waulize senene wanakaanga na vitunguu au bila."

Ijumaa moja ya Septemba, kesho yake kuna mechi, akaja shemeji yake baba mwenye nyumba kulala. Chakula kilikuwa maharage yaliyopikwa na nyama ya kusaga na pilipili, na kando ya bakuli mkate wa mdalasini uliomwagiwa sukari. Vinaliwa pamoja. Unachovya. Wanalishwa hivyo tangu shule ya msingi na hawaoni ajabu. Mara ya kwanza nilichovya kwa heshima ya wenyeji. Mara ya tatu heshima haikuhusika tena.

Sasa, mimi nilikuwa nimesoma historia ya timu ili nisikae mezani kama gunia. Nikauliza kwa nia njema kabisa: "Hivi kocha Solich msimu wa 2003 si alishinda mechi tisa? Wakamfukuza kwa nini?"

Mama mwenye nyumba akaweka kijiko chini taratibu. Shemeji akamgeukia mzee: "Nani kamwambia?"

Maharage yalipoa. Baba mwenye nyumba alisema mkosi ulianzia hapo hapo. Osborne kakaa miaka 25, kashinda mechi 255, kapoteza 49, sare tatu, ubingwa wa 1994, 1995 na 1997, kisha kiti akamwachia msaidizi wake Solich, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hiyo. Solich akashinda 58, akapoteza 19, wakamfungashia virago! Wakamleta Callahan kutoka timu za kulipwa, mtu wa kurusha pasi, kwa watu waliozoea mpira wa kukumbatia kifuani na kukimbia nao. Msimu wake wa kwanza timu ikapoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1961. Mwaka 2007 Kansas wakawafunga alama 76. "Kansas!" alisema mzee, kwa sauti ile ya mtu aliyeibiwa kuku na jirani anayemjua.

Mama mwenye nyumba yeye alikuwa mtu wa Pelini, kocha aliyemfuata Callahan. Misimu saba, na kila msimu mechi nne tu timu inapoteza, hazizidi wala hazipungui. "Kama mume ambaye unajua atachelewa saa ngapi," alisema, bila kumtazama mtu. Pelini alikuwa akifokea marefa mpaka mishipa ya shingo inasimama, lakini mwaka 2014 aliingia uwanjani kwenye mechi ya mazoezi kabeba paka mikononi, na mama akaamua siku hiyo kwamba mtu anayebeba paka vile moyo wake hauna shida. Mwaka huo huo, ushindi wa mechi tisa mkononi, naye akatimuliwa.

Shemeji akasema wote wawili hawajui kitu. Makocha wanaonewa bure; timu ilijiloga yenyewe 2011 ilipohamia ligi ya Big Ten ikaacha mahasimu wake wa miaka nenda rudi. "Ukihama mtaa, nani atakuogopa?"

Nikaona nichangie. Nikauliza kama Osborne hakuwahi kukosea. Baba mwenye nyumba akafumba macho, akanisimulia ile fainali ya Januari 1984 dhidi ya Miami, hukohuko Miami. Mechi inaisha, wako nyuma kwa alama moja. Shuti jepesi la alama moja lingeleta sare, na kwa rekodi yao ya msimu ule sare ilitosha kuwapa ubingwa. Osborne akakataa sare, akatafuta alama mbili. Pasi ikaguswa, ikaanguka. 31 kwa 30.

"Kwetu," nikasema, "sare ya ugenini ni ushindi."

Mzee akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyekohoa katikati ya sala. Kwao kule kukataa sare ndio utukufu wenyewe wa Osborne, ingawa utukufu nao una mipaka: 2006 aligombea kuteuliwa na chama chake kuwania ugavana, akaangushwa kwenye kura za mchujo. Mioyo walimpa, kura wakambania.

Nikawaambia kwetu kocha akitoa sare mbili anaanza kuangalia kama pasipoti haijaisha muda. Wakacheka sana. Shemeji akauliza, "Na mkibadilisha hivyo mnapata bingwa mpya?" Nikamwambia hapana, karibu kila mara ni mmoja wa wale wale wawili.

Kocha wa wakati ule alikuwa Riley, mwaka wake wa tatu, mstaarabu mpaka watu walikuwa wanaona aibu kumchukia. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefungwa ugenini na Oregon 42 kwa 35. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, tarehe 16, waliletewa mdebwedo wa kutuliza roho: Northern Illinois, timu ndogo, za aina ile zinazolipwa kuja kufungwa. Na hao wageni wanaitwa Huskies. Huskies wanacheza na Huskers. Nawaachia mwone mtego niliotegewa.

Mlangoni mama mwenye nyumba akaninunulia puto jekundu. Ndiyo ilikuwa desturi: kila mtu na puto lake, timu ikipata alama za kwanza yanaachiwa yote kwa pamoja, mbingu inakuwa nyekundu. Uzi wake ulikuwa mwembamba kama wa kufumia, nikauzungusha mara tatu kwenye kidole cha shahada mpaka ncha ikawa ya zambarau. Baba mwenye nyumba, akijua kwamba ule mpira siuelewi, akanipa maelekezo mafupi: "Usihangaike kutafuta mpira uko wapi. Mtazame refa. Akinyoosha mikono yote miwili juu, achia."

Hakusema alama za nani.

Nilimtazama yule refa kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi. Timu yetu ilisogea, ikasogea, ikakaribia kabisa mstari wa wageni. Pasi ikarushwa. Hapo sikuona kilichotokea, maana nilikuwa na kazi yangu, lakini watu wote wakasimama kwa mkupuo na kuanza kupiga mayowe. Mtu mmoja alikuwa anakimbia peke yake, anakuja upande wetu, uwanja karibu mzima. Baba mwenye nyumba kanishika bega anapiga kelele, "Mshike! Mshike!" Nikadhani ndivyo wanavyoshangilia. Kwetu si tunasema "ua"? Jamaa akavuka mstari. Refa akanyoosha mikono miwili.

Nikafungua kidole.

Kuna kimya cha msibani, na kuna kimya cha watu 85,000 wanaotazama kitu kimoja. Puto langu lilitoka kichwani kwa baba mwenye nyumba, likagusa ukingo wa kofia yake kidogo kama linaaga, likapanda. Jekundu, linang'aa, peke yake, halina haraka. Lilipofika usawa wa ubao wa matokeo likasita, kama linasoma: Northern Illinois 6, Nebraska 0. Kisha likaendelea na safari. Mtoto mmoja safu ya mbele akauliza kwa sauti ya wazi kabisa, "Mama, yule mtu yuko upande gani?"

Ningekuwa Taifa, upande wa Yanga, nimeshangilia bao la Simba, ningeshughulikiwa pale pale na mambo yangeisha. Watu wa Nebraska hawana huruma hiyo. Bibi mmoja nyuma yangu alinipapasa mgongo na kunipa bisi. Mwanamume mwenye tumbo la heshima akaniambia haidhuru, hutokea. Nilimuuliza imewahi kutokea lini. Akafikiri, akarudi kutazama mpira.

Robo hiyo hiyo wageni wakadaka pasi nyingine, wakakimbia nayo mpaka mwisho. 14 kwa 0. Nilimwona mama mwenye nyumba: refa aliponyoosha mikono, kabla hajatazama ubao wala mumewe, aligeuka kutazama mikono yangu.

Baadaye timu yetu ilipata alama zake za kwanza, na desturi nikaiona kama inavyotakiwa. Maelfu ya maputo yalipaa kwa mpigo, ni kitu kizuri, siwezi kukataa. Nilisimama katikati yao na kidole kitupu chenye alama ya uzi. Mechi ikaisha 21 kwa 17, tumefungwa na wale waliolipwa waje kufungwa. Wenyeji wakawapigia wageni makofi wakitoka, kama walivyo siku zote. Tulitembea hadi kwenye gari bila neno. Shemeji peke yake alikuwa kila baada ya hatua kumi anainua uso mawinguni.

Alhamisi iliyofuata, mkurugenzi wa michezo wa chuo akafukuzwa kazi. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, njaa ikakata.

Jumamosi yake walikuja Rutgers. Nikaombwa kwa upole, kwa upole kabisa, nibaki nyumbani kumwangalia paka. Wakashinda 27 kwa 17. Nikajua nimekwisha. Oktoba nikabaki tena nyumbani na paka, Wisconsin wakawapiga, wiki iliyofuata Ohio State wakawafunga 56 kwa 14, nami nikapanda ngazi mbili mbili kujitetea: "Mimi sikuwepo! Mmeona? Sikuwepo!"

"Wewe hukuwepo," shemeji akasema, "lakini lile puto bado halijatua."

Hoja hiyo sikuwahi kupata jibu lake. Novemba Riley akatimuliwa. Desemba akaletwa Scott Frost, kijana wa nyumbani, ndiye aliyekuwa akiongoza mashambulizi kwenye ubingwa wa 1997, na baba mwenye nyumba alilia mezani bila kuficha. Alisema kama huyu hawezi, hakuna awezaye. Msimu ukaanza, mechi sita za kwanza zote wakapigwa. Kila baada ya kipigo shemeji alinipigia simu, hasemi kitu, anahema tu.

Nilirudi Morogoro 2019 na shahada yangu ya mahindi. Nilidhani mambo yameishia hapo. Mwaka 2022 baba mwenye nyumba akaniandikia kwamba chuo kimesimamisha maputo, gesi ya heliamu imekuwa adimu. "Majirani nimewaambia ni kwa sababu ya gesi," aliandika. Septemba hiyo, bila puto hata moja angani, Georgia Southern wakaja Lincoln wakashinda 45 kwa 42, na kesho yake Frost naye akaondoshwa, ilhali kumfukuza siku ile kuligharimu dola milioni 15 na wangengoja mpaka Oktoba ingepungua nusu. Mzee akaniandikia usiku huo: "Pengine haikuwa wewe." Lile "pengine" nililisoma mara nne.

Desemba 2024, chini ya kocha mwingine tena, Matt Rhule, wakafika kwenye zile mechi za mwisho wa mwaka wanazoziita za bakuli, kwa mara ya kwanza tangu 2016. Wakawafunga Boston College 20 kwa 15, New York, wakamaliza msimu na ushindi saba na vipigo sita. Kwetu ilikuwa usiku mkubwa, simu ikalia kwenye lile kundi la familia ambalo sikuwahi kutolewa. Baba mwenye nyumba alikuwa ametuma neno moja: "Limetua."

Dakika mbili baadaye shemeji akajibu chini yake: "Saba kwa sita si kutua. Limenasa mtini."