Paa la Bei ya Kutupa, Miche ya Bei ya Kuringa

Jumapili iliyopita shemeji aliniita nikaone kitalu nyumba chake kipya. Amekijenga mwenyewe kwa wikiendi mbili, na mtu akijenga kitu kwa mikono yake unajua umeitwa kusifu, hukuitwa kukagua. Nikaenda na nia njema. Nikasifu msingi, maana umenyooka kweli. Nikasifu mlango, unafungika bila kuuinua. Kisha nikatazama juu, na nia njema ikaishia hapo.

Paneli za polikaboneti, zile za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, zenye kuta mbili na vijia katikati, amezilaza. Vijia vinakwenda kulia na kushoto badala ya kushuka na mteremko wa paa. Paneli hazijamaliza hata mwezi pale juu, lakini ndani ya vijia maji yameshatuama na kwenye kona moja nikaona ukijani unaanza. Nikamuuliza upande gani ameuweka nje. Akanitazama kama nimemuuliza tofali lina mkono gani wa kulia.

"Upande gani tena, shemeji? Si zote zinang'aa?"

Ile nailoni nyembamba inayobandikwa juu ya paneli, yenye maandishi ya kukuelekeza, aliibandua yote kabla hajapandisha hata paneli moja. Ili kazi iende haraka.

Ningenyamaza. Kwa kweli ningenyamaza, kwa ajili ya amani ya ukoo. Ila tulipotoka nje akachungulia nyuma ya gari langu akaona sinia la miche niliyotoka kuinunua kwenye rafu ya zilizoshushwa bei, akacheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji, hawa wagonjwa unawapeleka hospitali gani?"

Mtu huyu ametafuta paneli za bei ya chini kuliko zote, za milimita 4, akazifunga bila kusoma neno. Ndani amepanga miche ya bei ya juu kuliko zote, yenye maua tayari, kama meza ya harusi. Halafu bahili ni mimi! Na hayuko peke yake, ndiyo maana naandika. Wapenda bustani wengi tunabana pesa kwenye paa, tunazimwaga kwenye miche. Ilipaswa iwe kinyume kabisa.

Tuanze na paa. Kinachokula polikaboneti ni miale ya urujuanimno ya jua. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wanaweka tabaka jembamba la kinga, na kwenye paneli nyingi tabaka hilo liko upande mmoja tu. Upande huo ndio unaotazama jua. Ukiugeuza ndani, jua linakula upande usio na kinga: paneli inakuwa ya manjano, inapoteza mwanga, kisha inakuwa kavu kama biskuti, na siku moja jiwe la mtoto linapita moja kwa moja. Paneli ambayo ingekaa miaka 10 na zaidi inakufa katika miaka michache. Na kwa macho huwezi kutofautisha pande hizo mbili. Kinachokuambia ni ile nailoni yenye maandishi. Ile ile ambayo kila mtu ana haraka ya kuibandua kama karatasi ya zawadi. Fundi makini anainua kona tu, anafunga paneli, ndipo anabandua.

Vijia navyo vina sababu ya kushuka na mteremko. Unyevu utaingia, usijidanganye kwamba utauzuia wote. Kinachotakiwa ni uwe na njia ya kutoka. Ncha ya juu unaiziba kwa tepu isiyopitisha kitu. Ncha ya chini unaiziba kwa tepu yenye vitundu vidogo, inayozuia vumbi na wadudu lakini inaachia maji yadondoke. Ukilaza vijia umetengeneza mifereji isiyo na mwisho. Mwani unaingia, unastarehe, na hakuna mswaki utakaoufikia.

Halafu joto. Polikaboneti inatanuka kuliko watu wanavyodhani: paneli ya mita 3, kati ya ubaridi wa alfajiri na mchana mkali wenye tofauti ya nyuzi 40, inarefuka karibu milimita 8. Kwa hiyo tundu la skrubu linatobolewa pana kuliko skrubu yenyewe, na skrubu haikazwi mpaka mwisho. Banda langu la kwanza nilikaza kila kitu kwa nguvu zangu zote, najivunia. Kila jua lilipochomoza likawa linalia, ta! ta! ta!, kama mtu anayevunja vidole. Nikasema linazoea. Mwaka haujaisha nikakuta nyufa zimeanzia kwenye kila tundu, kama nyota.

Kuhusu unene: za milimita 4 zinafaa banda dogo lililokingwa na upepo. Za milimita 10 zinapoteza joto karibu nusu tu ya kioo kimoja, na hazipigi makofi upepo ukija. Nyongeza ya bei inauma siku ya kulipa, basi.

Kioo? Nakubali, shingo upande, kwamba bado hakijapata mshindani kwa mwanga. Kinapitisha karibu asilimia 90, paneli ya kuta mbili inapitisha karibu 80, na kioo hakizeeki; kikichafuka unakiosha kinarudi kijana. Lakini kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, na paneli ya unene huo huo haifiki hata kilo moja. Fremu yako inaiweza hiyo? Na kama kuna watoto na mpira karibu, kiwe kioo kilichokomazwa kwa moto, kile kinachovunjika kuwa punje punje. Cha kawaida kinavunjika kuwa visu. Tena juu ya kichwa chako. Pia mwanga wa paneli umetawanyika, hauchomi majani kama wa kioo kitupu, kwa hiyo hizo asilimia 10 mimi silii nazo.

Nailoni ya kuezekea nayo haina aibu, mradi iwe ya kilimo, yenye unene wa maikroni 200 hivi, iliyotiwa kinga ya jua. Hiyo inakupa miaka mitatu, minne. Nailoni ya ujenzi ni kujidanganya, jua linaitafuna kabla hujala pilipili ya pili. Na popote inapogusa bomba la chuma lililopata moto wa mchana, hapo ndipo itaanza kuchanika, kwa hiyo zungushia bomba kitambaa cheupe au tepu nyeupe.

Madirisha ya paani: hesabu inayotajwa sana ni asilimia 15 hadi 20 ya eneo la sakafu. Sibishani na mtu juu ya hilo. Asiyetaka atapika nyanya zikiwa bado shinani.

Sasa wagonjwa wangu.

Watu wanapenda kusema rahisi ni ghali. Kwa paa, naam. Kwa miche, msemo huo wameutunga wauza miche. Mmea unaokua mwaka hadi mwaka unashushwa bei kwa sababu moja kubwa: umemaliza kuchanua, na mnunuzi ananunua maua. Mmea wenyewe haujui kwamba umeisha thamani. Mwaka unaofuata utachanua vilevile, na ule uliolipiwa bei kamili utakuwa umekauka maua pale pale ulipowekwa.

Unachotakiwa kujua ni kusoma, na husomi majani. Unasoma mizizi. Geuza chungu, shika udongo kwa vidole viwili pembeni mwa shina, uvute taratibu. Mizizi myeupe au ya rangi ya krimu, hata ikiwa imejisokota ikazunguka kama kikapu, chukua. Mizizi ya kahawia inayoteleza na kunuka kinamasi, rudisha. Yenye vinundu vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo. Rudisha na unawe mikono. Kichaka kinachoonekana kimekufa, kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, kiko hai. Majani yenye mabaka ya manjano na kujikunja yananitia shaka ya virusi, na virusi vya mimea havina dawa, hata wakupe bure.

Lile sinia aliloliona shemeji lilikuwa na chungu kimoja cha lavenda kilichokauka hadi udongo ukaachana na kuta za chungu. Ukiumwagilia udongo wa hivyo, maji yanapita pembeni yanatokea chini, wewe unadhani umenywesha. Nilikizamisha chote kwenye ndoo. Kikatoa mapovu kama mtu anayekoroma, karibu nusu saa, mpaka yakakoma. Nilipokitoa nikagundua mle ndani hamna mmea mmoja. Imo mitatu, iliyopandwa pamoja ili chungu kionekane kimejaa. Nikaitenganisha, nikalegeza mizizi kwa vidole, nikapunguza juu kama theluthi, kila mmoja ukapata chungu chake kilichozidi kidogo tu kile cha mwanzo. Mbolea bado, mpaka nione jani jipya. Mgonjwa hapewi karamu.

Kuna miche ambayo hata mimi siigusi ikishushwa bei. Maua ya msimu mmoja yaliyo kwenye kilele chake, unanunua mazishi. Mche wa nyanya uliochanua ukiwa bado kwenye kikopo kidogo, umeshakata tamaa ya kukua.

Na lipo moja ambalo shemeji ananishinda, nalisema haraka kabla sijabadili mawazo. Mwaka juzi nilipitisha sinia la rafu ya bei ya chini moja kwa moja mpaka ndani ya banda, bila kulitenga. Chini ya majani kulikuwa na mayai ya nzi weupe ambayo sikuyaona. Ndani ya wiki chache, ukigusa jani lolote linapanda wingu. Nyanya zote zikanata utomvu wao, kisha zikawa nyeusi kwa ukungu. Tangu siku ile kila kinachonunuliwa, cha bei yoyote, kinakaa nje peke yake wiki mbili na ubao wa manjano wa kunata, wa kunasia wadudu, pembeni yake. Yeye hilo analifanya tangu zamani. Haya.

Jana jioni alipita nyumbani. Hakucheka. Alitaka kujua kama kuna namna ya kugundua paneli zipi zimegeuzwa, sasa kwa kuwa nailoni zote zilishakwenda na takataka. Nikamwambia ipo: asubiri, zitakazokuwa za manjano ndizo. Akanywa chai yake kimya, akazunguka uani mara mbili kutazama vyungu, akaaga.

Asubuhi nimekwenda kumwagilia. Lavenda zipo mbili.