Rudisha themostati kwenye Corolla yako

Fungua boneti ya Corolla AE100 au AE110 iliyopita mikononi mwa watu watano, utakuta feni imefungwa direct (izunguke muda wote bila swichi yake), mfuniko wa rejeta si wake, na themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, haipo. Kila kimoja kilikuwa dawa ya siku hiyo. Kwangu, raha ya gari kuukuu iko hapo hapo: kurudisha kilichotolewa, kwa mikono yako, ukijua kwa nini kiliwekwa.

Themostati ndiyo inayosingiziwa zaidi. "Huku kwetu joto, ya nini?" Kwenye injini ya 5A-FE, iliyomo kwenye Corolla hizi, hoja hiyo haisimami. Themostati yake ina sahani ya pili kwa nyuma: maji yakishika moto, valvu inafungua njia ya rejeta huku sahani ikiziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemke linaweza kuchemka kwa sababu hiyo hiyo, hasa kwenye mlima mrefu na mzigo. Na likiwa tupu kwenye tambarare, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inazidisha petroli. Mwenye gari anabadilisha plagi bure.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji kwa koki ya chini ya rejeta, fuata paipu ya chini hadi inapoingia kwenye injini, fungua nati mbili kwa spana namba 10. Kabla ya kufunga themostati mpya, itie sufuriani na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. (Nairobi maji huchemka kabla ya kufika 95, kwa hiyo usiilaumu kwa kupungukiwa kidogo.) Ifunge na mpira mpya, kile kipini kinachochezacheza kikae juu; ndicho kinachopitisha hewa. Jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, ongeza kadiri inavyoshuka mpaka mapovu yaishe.

Feni inatakiwa kuwaka yenyewe joto likifika kama nyuzi 93. Isipowaka, usikimbilie waya wa direct. Swichi yake imepangwa kinyume na unavyodhani: joto likipanda inakata mkondo, na mkondo ukikatika ndipo feni inawaka. Kwa hiyo chomoa soketi ya swichi, ufunguo ukiwa ON. Feni ikizunguka, mota na relei ni nzima, nunua swichi tu. Isipozunguka, anza na fyuzi. Waliobuni walitaka waya ukikatika njiani feni ikuokoe. Anayefunga direct anautupa ulinzi huo na kuichosha mota.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa. Wenye alama ya 0.9, yaani shinikizo unaloweza kulizuia, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 119. Springi yake ikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagika, kisha gasketi ya silinda hedi inapewa kesi isiyo yake. Badilisha mfuniko kabla hujakubali hedi ishushwe.

Bado gari linakula mafuta? Liulize. Kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON bila kuwasha injini, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, kisha mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Usiichanganye na ya geji. Ya geji ina waya mmoja, hii ina mbili. Ipime kwa mita: kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Ukishaibadilisha, chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa dakika moja ili kufuta kumbukumbu. Namba 22 ikirudi na sensa ni mpya, kagua soketi yake: plastiki ya umri huo hukauka, hupasuka, na pini huota ukungu wa kijani.