Tai ya Pauni Mbili

Najua mtani wangu Mchaga ameshawatumia sauti ya dakika nne kwenye kundi, na najua mmecheka. Eti Mpare kajifanya kasoma na mawaziri wakuu wa Uingereza. Naomba na mimi nisikilizwe, maana siku ile sikusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Harusi ilikuwa Jumamosi, huko Surrey. Nesi mwenzetu wa kazini kaolewa na watu ambao kutoka getini kwao mpaka mlangoni unapanda gari. Suti ninayo, tai sina. Nikapita duka la hisani (mitumba ya Wazungu, kwa mlio nyumbani), nikaokota moja ya mistari, pauni 2. Nikaona imetulia. Hakuna aliyeniambia kwamba huku tai ni kama kadi ya chama. Mistari ile ina wenyewe, wazee waliosoma shule moja ya bweni ya gharama kubwa, ambayo siitaji. Si Eton. Eton hata mimi naijua, imetoa mawaziri wakuu 20.

Basi nimesimama na kipande cha samaki kwenye uma, anakuja mzee mmoja, pua nyekundu, macho yote kifuani kwangu. Nikadhani nimejimwagia mchuzi.

"Shule ulikuwa miaka gani?"

"2003 mpaka 2006."

"Hausi gani?"

Na sisi mabweni tuliyaita hausi. Nikajibu, "Mkwawa."

"Aaa, McQuarrie!" Akafurahi kweli. Yaani chifu wa Wahehe, ambaye fuvu lake Waingereza wenyewe walikuja kulikabidhi Kalenga 1954, kageuzwa Mskochi mbele yangu, na mimi nimesimama natabasamu.

Akauliza kama maji bado yalikuwa ya baridi. Nikamwambia ya baridi, tena saa kumi na moja alfajiri. Chakula? Maharage yenye wadudu. Fimbo? Nikamwonyesha kwa mkono jinsi tulivyokuwa tukilazwa chini. Mzee machozi yakamlenga. Jamani, kumbe kuna watu wazazi wao waliuza mashamba ili mtoto akapate tabu zilezile nilizozipata karibu bure kule Same! Na wenyewe shule hizo wanaziita za umma. Msiniulize.

Akahamia kwenye ada za wajukuu. Shule kama hizo sasa zinadai zaidi ya pauni elfu 50 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 serikali imeongeza VAT ya asilimia 20 juu yake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia mimi yangu ilikuwa elfu sabini. Shilingi sikuzitaja, na yeye hakuuliza.

"Elfu sabini!"

"Na madawati tulibeba wenyewe."

"Na yule wa Kilatini alikufundisha?"

"Hakuwahi kufika." Wala wa fizikia hakufika, lakini hakuniuliza fizikia. Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Mlevi yule!"

Sasa tulieni. Wewe wa Gonja unayecheka, subiri kwanza.

Mzee akagonga glasi kwa kijiko. Ting. Ting. Ting. Watu kama mia wakanyamaza. Wazee wengine wawili wakainuka viti vya mbele, na shingoni mwao, naapa, tai yangu. Hapo ndipo akili ikanirudi. Tone la jasho lilianzia kisogoni likashuka uti wa mgongo pingili kwa pingili, nalisikia kila lilipofika. Mkono wa mzee uko begani, mzito kama wa polisi. Wakaanza wimbo wa shule, kwa Kilatini. Nikawa nafungua na kufunga mdomo kama perege kwenye ndoo, na ningeponea hapo. Kumbe wana desturi, ubeti wa pili huimbwa na mdogo kuliko wote, peke yake.

Wazee watatu wakanigeukia. Meza ya pili, mtani ameshatoa simu.

Kilatini ninachokijua nilikikariri kidato cha pili, somo la baiolojia. Nikafumba macho, nikachukua sauti ya kwaya ya Wasabato.

"Zeeea maaays..."

Kimya. Mzee mmoja akatikisa kichwa taratibu, kama anakumbuka marehemu.

"Phaseolus vulgaaaris..."

Mahindi na maharage. Mpare nikibanwa, kinachotoka ni makande. Nikaona yanapokelewa, nikapandisha: "Musca domesticaaa!" Mzee wa kushoto akaweka mkono moyoni. Ningeishia kwa nzi, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zangu. Sifa zikaniponza. Nikainua mikono yote miwili, samaki bado yuko kwenye uma, nikamalizia kwa pumzi iliyobaki:

"Plasmodium falcipaaarum!"

Bibi harusi ni nesi, kimelea cha malaria anakijua kwa jina. Wasimamizi wake wote ni manesi. Shampeni ilimtoka puani ikaishia kwenye shela.

Yaliyofuata mafupi. Niliulizwa, nikasema yote, duka mpaka bei. Picha ya pamoja nimo, pembeni. Bibi harusi kanisamehe, mama mkwe wake bado. Na mtani asiwadanganye kwamba mwisho wa sherehe yule mzee aliinunua ile tai kwa pauni 20 kwa sababu yake imechakaa.

Ilikuwa 25.